Vitabu vya kumwandaa kijana anayesomea nyumbani kwa sekondari na mitihani: mnachagua vipi?

MamaDaftari

Habari zenu wazazi na walimu. Nina vijana wawili wanaosomea nyumbani. Wa miaka 13 tunataka afike IGCSE (mtihani wa kimataifa wa sekondari wa Cambridge) kama mtahiniwa wa kujitegemea, asiye na shule, na wa miaka 15 anajiandaa kwa SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu. Vitabu havijakosekana, shida ni kwamba ni vingi mno, na kila jalada linadai kimekamilika. Naomba msaada kwenye haya:

Nitajuaje kwamba kitabu kinalingana na mtihani wenyewe na si jina la somo tu? Kitabu kimoja kwa kila somo kinatosha? Sayansi bila maabara tufanyeje? Nimepewa pia boksi la vitabu vya SAT, vingine vya 2012 na vingine vya 2017, je, vina kazi bado? Na mwisho, hisabati yangu mimi mwenyewe si nzuri. Kitabu kikitoa jibu bila njia, tunakwama wote wawili.

---

ChakiNyeupe

Dada, usinunue chochote kabla hujawa na silabasi mkononi. Silabasi za Cambridge zinapatikana bure kwenye tovuti yao, na kila somo lina namba ya tarakimu nne: Hisabati 0580, Biolojia 0610, Kemia 0620, Fizikia 0625. Juu ya silabasi pameandikwa miaka ya mitihani inayohusika. Tazama mwaka ambao kijana ataingia chumba cha mtihani, usitazame mwaka huu. Mtoto wa miaka 13 ana miaka miwili mitatu mbele yake, na katikati hapo silabasi inaweza kubadilika.

Chukua 0580 kama mfano. Kuanzia mitihani ya 2025, anayefanya ngazi ya juu, Extended, anafanya Karatasi ya 2 bila kikokotoo na Karatasi ya 4 akiwa na kikokotoo, kila moja saa 2 na alama 100. Kabla ya hapo kikokotoo kiliruhusiwa kwenye zote mbili. Kwa hiyo kitabu cha silabasi ya zamani bado kinafundisha aljebra na jiometri vizuri tu, ila mazoezi yake yamejaa desimali ndefu ambazo hakuna anayetarajiwa kuzikokotoa kwa mkono, na hakimzoeshi mtoto kushika sehemu na vipeuo kama vilivyo, mfano kuandika √8 kuwa 2√2. Mtoto anamaliza kitabu kizima halafu Karatasi ya 2 inamshangaza.

Hakikisha pia kitabu ni cha ngazi gani. Kwenye Hisabati, ngazi ya chini, Core, inaishia gredi C hata apate alama zote. Vitabu vingi hubeba ngazi zote mbili na kuweka alama pembeni mwa mada za Extended. Kama kimeandikwa Core peke yake na kijana anataka zaidi ya C, kirudishe.

Ukishapata kitabu unachokifikiria, fungua silabasi kwenye orodha ya mada na uandike kando ya kila mstari ukurasa wa kitabu unaoishughulikia. Kazi hiyo inachukua jioni moja. Mstari usiopata ukurasa ni pengo. Mapengo mawili matatu utayaziba kwa sura moja kutoka kitabu kingine. Yakifika moja kati ya kila mistari kumi, hicho si kitabu cha mtihani huo hata kama kina jina la somo.

Na kabla ya yote hayo tafuta kituo cha mitihani. Si kila kituo kinapokea watahiniwa wa kujitegemea, na kinachopokea ndicho kinachoamua kitatoa karatasi zipi. Kwenye sayansi kuna Karatasi ya 5, ambayo ni ya vitendo maabara, na Karatasi ya 6 inayofanywa kwa kuandika tu badala yake. Kiingereza Lugha ya Kwanza (0500) kina njia ya mtihani na njia ya kazi za darasani zinazokusanywa. Anayesoma nyumbani kwa kawaida anahitaji njia ya mtihani. Ukinunua vitabu kwanza halafu kituo kikakwambia karatasi nyingine, umenunua mara mbili.

---

Mzizi_wa_Pili

Naongeza jambo linalorukwa na wengi: mpime kijana kabla ya kumchagulia kitabu. Umri haukuambii aanzie wapi. Mtoto anayeonekana kushindwa aljebra, mara nyingi amekwama kwenye sehemu na namba hasi, na kitabu cha aljebra hakiyarudii hayo.

Andika maswali 40 bila kikokotoo, 8 kwa kila kundi: sehemu, namba hasi, asilimia, uwiano, milinganyo rahisi. Dakika 60, na njia iandikwe. Mfano wa maswali yanayochuja vizuri:

3/4 − 2/5 (jibu 7/20, akiandika 1/−1 au 1/1 anatoa juu kwa juu na chini kwa chini, hajui kwamba asili, yaani namba za chini, zinalinganishwa kwanza)

−3 − (−7) (jibu 4)

−3² na (−3)² (−9 na 9, anayetoa jibu moja kwa yote mawili atapoteza alama kwenye grafu za kipeo cha pili hadi mwisho)

2(x − 3) = 5x + 9 (x = −5)

Bei imepanda asilimia 20, kisha ikashuka asilimia 20. Imebaki asilimia ngapi ya bei ya kwanza? (96. Anayejibu 100 hajaelewa kwamba asilimia ya pili inahesabiwa kwenye bei mpya.)

Sasa usijumlishe tu, soma kundi kwa kundi. Kundi lenye 7 au 8 limekaa. Lenye 5 au 6, mazoezi ya wiki moja yanatosha huku anaendelea mbele. Chini ya 5, rudi kwenye kitabu cha msingi cha mada hiyo tu, hata kama ni cha darasa la watoto wa miaka 11. Ficha jalada ikibidi, vijana wana heshima yao. Usimrudishe mwaka mzima kwa sababu ya mada moja. Hilo ndilo linalowafanya wachukie somo.

---

Mzani

Nijibu la "kimoja kinatosha?" na la wewe kutokujua hisabati, kwa sababu yanashikana.

Kuna aina nne na watu huzichanganya. Kitabu cha kiada kinafundisha. Kitabu cha mazoezi kinarudia. Kitabu cha marudio kinafupisha kwa aliyekwisha kujifunza. Na kuna mitihani iliyopita pamoja na mwongozo wake wa kusahihisha. Kosa kubwa kuliko yote ni kununua kitabu cha marudio kwa sababu ni chembamba na kina rangi, kisha kumtaka mtoto ajifunze humo kwa mara ya kwanza. Kitabu cha marudio kinamaliza milinganyo ya pamoja kwa ukurasa mmoja na mfano mmoja. Anayeijua atakumbuka. Asiyeijua atakariri mfano ule, na namba zikibadilika hana pa kushika.

Kwa somo moja ningechukua kiada kimoja na mitihani iliyopita, basi. Kitabu cha mazoezi kiongezwe pale tu ambapo kiada kina mazoezi haba. Viada viwili vya somo moja huleta shida: mpangilio wa mada ni tofauti, alama ni tofauti, na mtoto akichoshwa na sura ngumu anakimbilia kingine. Anaishia na sura tatu za mwanzo za kila kitabu.

Kukikagua, chukua mada moja ngumu, kwa mfano kutafuta vigawo vya usemi wa kipeo cha pili, uifungue kwenye vitabu vitatu unavyolinganisha. Soma mfano wa kwanza ukiwa na karatasi. Wewe usiye mtaalamu ndiye kipimo kizuri hapa: kila mstari ukufikishe kwenye mstari unaofuata bila kuruka hatua. Ukijiuliza mara mbili "hii imetoka wapi?", na kijana atakwama hapohapo. Kisha tazama mazoezi. Maswali 6 kwa mada kama hiyo hayatoshi. Tafuta kuanzia 20, yakianza mepesi na kumalizia na yale yanayochanganya mada. Kitabu ambacho kila zoezi ni la mada iliyofundishwa ukurasa uliotangulia kinamdanganya mtoto, kwa sababu anajua njia ya kutumia kabla hajasoma swali. Mtihani haumwambii njia.

Halafu majibu. Hapa ndipo pesa za wazazi wa nyumbani hupotea. Viada vingi vya Marekani vya hisabati hutoa nyuma majibu ya maswali yenye namba witiri tu, na njia kamili ziko kwenye kitabu cha mwalimu kinachouzwa peke yake, wakati mwingine kwa shule pekee. Uliza kwanza kama mzazi anaweza kukipata. Linganisha na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, maana kitabu cha mwanafunzi, cha mazoezi na cha mwalimu hubeba jalada linalofanana na jina lilelile. Toleo la tatu la mwalimu halitakaa sawa na toleo la nne la mwanafunzi: namba za maswali zimesogezwa na utamsahihisha mtoto kimakosa kwa wiki nzima kabla hujagundua.

Na majibu ya nyuma ya kitabu hukosea pia, hasa kwenye chapa ya kwanza. Kama nyinyi wawili mmepata jibu moja kwa njia mbili tofauti na kitabu kinasema lingine, angalia orodha ya masahihisho kwenye tovuti ya mchapishaji kabla ya kumwambia mtoto amekosa.

---

Kibatari

Mzani amesema vizuri, ila mimi sikubali kwamba kiada kimoja kinatosha kwa lugha. Hisabati ndiyo. Kwenye uandishi hakuna kitabu kinachoweza kusahihisha insha, kwa hiyo unachonunua ni kipimo. Tafuta kitabu chenye majibu ya mfano ya viwango tofauti, la chini, la wastani na la juu, kila moja likiwa na maelezo ya kwa nini limepata alama hizo. Kinachoonyesha insha bora peke yake humfanya mtoto aistaajabie, asijue ya kwake imekosa nini. Baada ya hapo tumia ripoti za watahini, maana ndizo zinazosema wazi watahiniwa walipoteza alama wapi: kunakili maneno ya kifungu badala ya kueleza kwa maneno yao, kuandika hotuba palipoombwa barua.

Vitabu vya orodha ya maneno 1,000 ya kukariri viache. Neno bila sentensi halikai.

Sasa sayansi bila maabara. Karatasi ya 6 kwenye 0610, 0620 na 0625 ni ya saa 1 na alama 40. Haihitaji kifaa chochote siku ya mtihani, lakini inauliza vitu ambavyo aliyesoma maandishi tu havijui: kusoma kipimo kwenye mchoro, kuchora jedwali lenye vichwa na vizio, kuchora grafu, kutaja chanzo cha kosa, kupanga jaribio. Kiada cha kawaida hakiyafanyii mazoezi ya kutosha. Hapo nunua kitabu cha pili, cha mazoezi ya vitendo au cha Karatasi ya 6 yenyewe.

Na afanye majaribio machache kwa mikono. Pendulumu ni uzi, kitu kidogo kizito na saa. Urefu wa sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, ukipima kutoka pale uzi ulipofungwa hadi katikati ya kitu. Kila urefu apime mizunguko 20 (kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja), arudie mara tatu, atafute wastani, agawe kwa 20. Urefu wa mita moja unapaswa kutoa karibu sekunde 2 kwa mzunguko, yaani karibu sekunde 40 kwa yote 20. Akipata 38, mara nyingi ni kwa sababu alisema "moja" alipokiachia, hivyo amehesabu mizunguko 19. Aanze na "sifuri". Kisha achore kipeo cha pili cha muda dhidi ya urefu, apate mstari ulionyooka. Jaribio hilo moja linamfundisha kurudia vipimo, kupunguza kosa, na kuchagua mizani ya grafu.

Makosa ya grafu yanayojirudia: kutumia robo ya karatasi badala ya kuijaza zaidi ya nusu, kuunganisha nukta moja moja badala ya kuchora mstari mmoja unaozipitia vizuri zaidi, kusahau vizio, na kuandika 2.5 na 3 kwenye safu moja badala ya 2.5 na 3.0. Hakuna kati ya hayo linalohitaji maabara kulirekebisha.

---

Mzizi_wa_Pili

Kuhusu boksi la SAT, vitabu hivyo ni vya mitihani miwili tofauti, na mtihani wa sasa si mmojawapo.

Cha 2012 ni cha muundo uliokoma 2016. Wakati ule jibu lisilo sahihi kwenye maswali ya kuchagua lilikatwa robo alama, kwa hiyo kitabu kinamshauri mtahiniwa aache swali asilolijua. Leo hakuna kukatwa, na ushauri huo unampotezea alama. Kuna pia maswali ya kujaza nafasi kwa maneno magumu, nayo yaliondolewa 2016. Cha 2017 ni cha muundo wa karatasi uliofuata: vifungu virefu vya kusoma, na sehemu ya hisabati isiyo na kikokotoo, maswali 20 kwa dakika 25.

SAT ya sasa inafanywa kwenye kompyuta, tangu 2023 nje ya Marekani na tangu 2024 ndani yake. Kusoma na Kuandika kuna maswali 54 kwa dakika 64, Hisabati maswali 44 kwa dakika 70, jumla saa 2 na dakika 14. Vifungu ni vifupi, maneno 25 hadi 150, na kila kimoja kina swali lake moja. Kikokotoo kinaruhusiwa Hisabati nzima, na kuna cha grafu ndani ya programu ya mtihani. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na ugumu wa nusu ya pili unategemea alivyofanya nusu ya kwanza.

Hilo la mwisho kitabu cha karatasi hakiwezi kuliiga. Kwa hiyo majaribio kamili yafanywe kwenye Bluebook, programu ya College Board wenyewe, waandaaji wa SAT, ambayo ni ya bure. Ni machache, usiyamalize mwezi wa kwanza. Moja mwanzoni lionyeshe alipo, yaliyobaki yasubiri wiki za mwisho, kwa wiki mbili hivi kati ya moja na jingine ili apate nafasi ya kufanyia kazi makosa.

Usivitupe hivyo vya zamani. Kata kurasa za hisabati kwa mada: milinganyo ya mstari, uwiano, asilimia, pembetatu. Na sheria za sarufi za cha 2017, alama za uandishi na upatanisho wa kiima na kitenzi, bado zinahusika. Kila kinachozungumzia muda, mbinu za kuruka maswali au jedwali la alama, kifunike.

---

MamaDaftari

Asanteni sana, nimeelewa kosa langu, nilianzia dukani. Mawili ya mwisho. Nitajuaje kama kasi yetu inatosha kumaliza kitabu? Na mitihani iliyopita ianze kutumika lini, maana kila mtu anasema lake?

---

Mzani

Kasi ni hesabu. Tuseme kiada kina kurasa 420 na mna wiki 40. Usigawe kwa 40. Toa wiki 10 za mwisho kwa marudio na mitihani, zibaki 30. Kurasa 420 kwa wiki 30 ni 14 kwa wiki, na kwa siku nne za masomo ni 3 na nusu kwa siku. Siku ya tano iwe ya kusahihisha na kurudia. Kama namba inazidi kurasa 6 kwa siku kwenye hisabati, kitabu ni kikubwa kuliko muda wenu. Toa mada zisizo kwenye silabasi kabla hamjaanza, msisubiri kuzitupa mwishoni kwa pupa.

Mitihani iliyopita igawe mafungu mawili. Ya zamani itumike kwa mada kuanzia mwaka wa kwanza: akimaliza sura ya uwiano, mpe maswali manne matano ya uwiano kutoka mitihani tofauti. Seti nne za karibuni zaidi zifiche kabisa, zisiguswe hadi zile wiki 10, kisha zifanywe nzima, kwa muda kamili, mezani, simu ikiwa chumba kingine.

Usimruhusu asome mwongozo wa kusahihisha kama maelezo. Watafiti Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliorudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka ndio waliokuwa mbele. Ndiyo maana kijana anakwambia "nimeelewa" jioni, na Jumatatu hana kitu. Funga kitabu, aandike, ndipo afungue.

---

ChakiNyeupe

Kwa kila karatasi aliyofanya, awe na daftari la makosa. Kwa kila alama iliyopotea aandike sababu moja kati ya nne: sikujua, niliteleza kwenye hesabu, sikusoma swali vizuri, muda uliisha. Baada ya karatasi tatu daftari litakwambia ununue nini, kama kuna cha kununua. "Sikujua" zikijikusanya kwenye mada moja, mpe sura ya mada hiyo kutoka kiada kingine. "Niliteleza" haitibiwi na kitabu kipya, inatibiwa na kuandika hatua zote na kukagua kwa kurudisha jibu kwenye mlinganyo. "Sikusoma swali" apigie mstari neno la amri, *eleza*, *taja*, *onyesha kwamba*, kabla ya kuandika.

Na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hilo andika jina la kila kitabu, toleo, ISBN, sura zilizomalizwa na alama za majaribio. Akiomba nafasi shuleni baadaye, watauliza alisoma nini.

---

Kibatari

Moja dogo kwa mwenye watoto wawili: kitabu cha mazoezi cha kujazia humohumo kisijazwe. Majibu yaandikwe kwenye daftari, na tarehe pamoja na ukurasa. Mdogo atakihitaji, na hata mkubwa mwenyewe akirudia zoezi lilelile wiki sita baadaye, asikute jibu lake limekaa pale linamsubiri.